Upawa Mkubwa wa Saa Nne

Niliondoka jikoni mwezi uliopita nikiwa na miaka arobaini na minane, na majirani zangu wa Kamenu bado wananiuliza kwa upole kama nilifukuzwa. Sikufukuzwa. Kiwanda kiliamua chakula kipikwe kwingine na kuletwa na gari kikiwa kimeiva, na mgongo wangu ulikuwa umekata shauri kabla ya kiwanda. Ken na Shiru, nyinyi mliobaki pale mkigawa chakula ambacho hamkukipika, mliniomba niwaandikie yale niliyokuwa nikiwaambia tukichambua maharagwe. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Hazijawahi kushibisha msomaji. Nitaandika juu ya saa za kula, kwa sababu katika miaka yangu yote ya mvuke, visu na mafuta ya moto, kitu kilichokaribia zaidi kuua mtu mbele yangu kilikuwa saa ya kula, na ushauri ulitoka kwangu.

Nilianza kazi Thika, katika kiwanda cha nguo, wiki chache baada ya kumaliza kidato cha nne. Siku ya kwanza nilikwenda na aproni ya mama yangu ndani ya mfuko, nikidhani nitapewa kisu. Mpishi mkuu alikuwa Mama Zipporah, mwanamke mfupi kutoka upande wa Kakamega aliyezungumza kwa sauti ya chini ili ulazimike kumsogelea. Alinipa ufagio, kisha akanionyesha ukuta. Palikuwa na misumari miwili na pawa mbili za kuchotea chakula, mmoja mkubwa, mmoja mdogo.

"Hii kubwa ni ya wanaoingia kazini," akasema. "Hii ndogo ni ya wanaotoka shifti ya usiku. Ukizichanganya, urudi kwenu."

Kila asubuhi waliotoka shifti walilalamika. "Mama, mimi nimesimama kwa mashine usiku wote. Huyu hata jasho hajatoa, unamjazia."

"Wewe unaenda kulala," Mama Zipporah akajibu. "Kwani unalala na jembe?"

Nilipomuuliza faraghani, aliniambia niwatazame walinzi wa lango. Walikula kidogo kuliko wapakiaji, lakini walikula saa ambayo kuku wamelala, na baada ya miaka miwili tumbo la mlinzi lilifika langoni kabla yake. Hakuwa na kitabu cha kunionyesha. Alikuwa na macho, na alikuwa ameyatumia miaka mingi.

Nilikaa pale miaka mitatu, halafu miguu ikaanza kuniwasha, maradhi ambayo sijapona hadi leo. Nilipikia wachuma kahawa karibu na Ruiru, ambako chakula kilibebwa kwa ndoo hadi kwenye mistari ya mibuni. Nilipikia wakata mawe wa Kalimoni, watu ambao ugali ukiwa laini wanauita uji. Nilipikia shule ya bweni huko Murera, ambako wali ulipikwa siku ya mitihani ili watoto wasiseme walifeli kwa njaa. Kila nilipohama nililikumbuka jiko nililoliacha kama mtu anavyokumbuka kwao, na kila niliporudi kulitembelea nilikuta wamebadilisha kufuli. Nilibeba mengi kutoka jiko hadi jiko. Nilichosahau kubeba ni ile sheria ya pawa mbili.

Mwisho nikafika Ruiru, kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo mnachokijua. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa nane. Saa nne ilikuwa chai ya rangi bila kitu, saa saba ndipo chakula. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inia kando ya mlango wa kantini, na mimi niliigonga kwa nondo. Mtu anayegonga kengele ya chakula hupendwa kuliko meneja, na mimi nililewa kidogo na heshima hiyo.

Mtakumbuka desturi ya mikebe. Kwa vile chakula cha saa saba kilikuja saa moja tu kabla ya kwenda nyumbani, karibu nusu ya wafanyakazi hawakukila. Walikula vijiko viwili mbele yangu kwa adabu, kisha githeri au wali ukaingia kwenye mkebe wa plastiki na mkebe ukaingia kwenye mfuko. Watoto wangekula jioni. Baba au mama angengoja ugali wa saa tatu usiku, mkubwa, na angelala juu yake. Mimi niliiona desturi hiyo kuwa ya upendo, na ilikuwa ya upendo. Sikuiona kuwa kitu kingine chochote.

Rispa, ambaye sote tulimwita Mama Elvis, alikuwa stadi wa mkebe. Alikuwa ametoka Bungoma akiwa msichana, akafagia vumbi la kinu kwa miaka saba, halafu akajifunza kuendesha foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, wakati wa mapumziko hadi wakampa. Mwanamke wa kwanza pale. Alipeleka paleti, vile vichanja vya mbao vya magunia, kwenye mteremko wa saruji kati ya ghala na kantini kana kwamba anabeba mayai. Wanaume waliomcheka mwanzoni walikuja kumwomba awafundishe kurudi nyuma na mzigo.

Kila mwaka daktari wa kampuni huwapima madereva wa mitambo. Mwaka huo alimwambia Rispa kwamba uzito na presha vimepanda, na akampa miezi mitatu apunguze kilo sita. Akirudi vile alivyo, ufunguo wa foklifti utapewa mwingine naye atarudi kwenye ufagio. Aliniambia haya akiwa amesimama juu ya mizani yangu ya magunia ya viazi, nyuma ya stoo, mahali ambapo hakuna aliyemwona.

"Usisome kwa sauti, Shefu," akasema.

"Sisomi. Ni mizani inasoma."

"Nakula mara moja kwa siku. Mchana wote nikiwa hapa situmii kitu, chai tu. Sasa hii kilo zinatoka wapi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kukumbuka walinzi wa Thika. Badala yake nikakumbuka simu yangu. Nilikuwa nimetazama video ya kijana mmoja mwenye misuli aliyesema siri ni kula ndani ya dirisha la masaa sita na kufunga masaa yaliyobaki. Nikamweleza Rispa kwa uhakika wa mtu ambaye amesomea udaktari kwa dakika tisa.

"Masaa sita yoyote?" akauliza.

"Yoyote," nikasema. Kijana wa video hakuwa amesema hivyo. Niliongeza mimi, kama mtu anavyoongeza chumvi.

Rispa alichagua masaa yaliyofaa nyumba yake: kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku. Asingekosa ugali na watoto. Asubuhi akaacha hata chai, kwa kuwa yake nilikuwa nikiitia maziwa na sukari kwa siri, kwa upendeleo. Wiki ya kwanza mizani ilishuka kilo mbili na tukapigana viganja nyuma ya stoo kama wezi. Wiki ya tatu ilikuwa imerudisha moja. Wiki ya tano ilikuwa imerudisha zote mbili na kuongeza nusu. Rispa hakulaumu mtu. Alisema atabana zaidi, na midomo yake ilikuwa mikavu.

Mnaoanza kazi hii, shikeni hili: kabla ya kumwambia mtu asile, muulize anameza dawa gani. Mimi sikuuliza.

Ilikuwa Jumanne, dakika chache kabla ya saa nne. Nilikuwa nimesimama chini ya rimu nikishika nondo kwa mkono mmoja na kikombe changu cha chai kwa mwingine, nikisubiri mshale wa saa ya ukutani ufike. Foklifti ikatokea juu ya mteremko ikiwa na paleti ya magunia. Uma zake za kubebea mzigo zilikuwa juu mno, juu ya kichwa cha mtu, na hakuna dereva anayeshuka mteremko namna hiyo, sembuse Rispa. Ilikuja polepole. Haikuyumba. Ilielekea tu mlango wa kantini, na Rispa alikuwa akinitazama bila kuniona.

Saa nne ikafika.

Mwili wangu ulitaka kugonga. Miaka yote ile, mshale ukifika mkono unakwenda wenyewe. Lakini nikigonga, watu themanini walioko kwenye kinu, ambao hupitia kantini kutoka nje, wangetoka kwa mlango ule ule, wakiangalia vikombe vyao, chini ya magunia yale. Na nikipiga kelele, wangetoka kuona kelele ni ya nini. Nikailaza nondo chini ukutani kwa utulivu, kama mtu anayelaza mtoto, nikatembea kuelekea mashine. Bado nilikuwa na kikombe. Sijui kwa nini sikukiacha.

"Mama Elvis."

"Naam."

"Teremsha mzigo."

"Nimeteremsha."

Mzigo ulikuwa juu angani. Nikawa natembea kando ya mashine, naye akaendelea kushuka. Shati lake lilikuwa limeloa kana kwamba amenyeshewa.

"Basi simama tuongee."

"Nimechelewa. Acha nimalize."

Mlango wa kantini ukafunguka mbele yetu. Fundi mmoja akatoa kichwa. "Shefu, leo saa imekufa? Chai iko wapi?"

"Rudi ndani."

"Kwani tumekosa nini?"

"Rudi ndani na ufunge mlango," nikasema kwa sauti ya Mama Zipporah, ile ya chini. Alirudi. Nikapitisha mkono mbele ya tumbo la Rispa, nikavuta breki ya mkono niliyomwona akiivuta mara nyingi, nikazima ufunguo. Mashine ikakoroma, ikanyamaza. Kutoka magurudumu ya mbele hadi kwenye kizingiti ningeweza kulaza ufagio mmoja, si fagio mbili.

Nilimnywesha chai yangu yote, yenye sukari nyingi kama ninavyoipenda, huku nimeshika kikombe maana yeye hakuweza. Ilichukua kama robo saa macho yake kurudi. Jambo la kwanza alilofanya ni kutazama uma, kisha mlango, kisha mimi. Halafu akateremsha mzigo hadi chini na kuanza kulia bila sauti.

"Labda ni vidonge," akasema.

"Vidonge gani?"

"Vya sukari. Nilipewa kliniki, mwaka jana. Nameza asubuhi nikitoka nyumbani." Akajifuta kwa kiganja. "Wakijua hapa nina sukari, ufunguo umeenda. Shefu, usiseme. Nakuomba kama ndugu yangu."

Bwana Mutiso, msimamizi wa zamu, alikuwa anakuja kutoka ghalani kwa hatua ndefu. Nilikuwa na muda wa kuchagua sentensi moja.

"Hajala," nikamwambia. "Amepata kizunguzungu. Apumzike kidogo."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa nusu. Mutiso alitutazama, akatazama mteremko, akachukua ufunguo na kumpa dereva mwingine kwa siku hiyo. Akaondoka bila kuuliza zaidi, jambo lililonitisha kuliko maswali.

Tulipobaki wawili nilimwambia Rispa: "Saa saba watu watapita mlango huu. Kabla ya hapo uende kwa nesi kwa miguu yako, umwambie habari ya vidonge. Usipoenda, nitaenda mimi."

"Wewe? Ni wewe uliniambia nisile."

"Ni mimi. Hiyo pia nitamwambia."

Aliniita msaliti, na neno lingine la kwao ambalo sikuhitaji kutafsiriwa. Saa tano na nusu nilimwona akivuka uwanja kuelekea chumba cha nesi. Nilizima moto na kumfuata.

Nesi wa kiwanda alisikiliza yote, kisha akauliza nani alimwambia asile asubuhi. Niliinua mkono kama mwanafunzi. Hakunitukana. Ingekuwa nafuu angenitukana. Alieleza taratibu kwamba baadhi ya vidonge vya sukari huendelea kuishusha hata kama tumboni hakuna kitu, kwa hivyo mtu hawezi kubadilisha saa za kula bila kumwambia aliyempa dawa. Kisha akaeleza kuhusu uzito. Mwili una saa yake, akasema. Mchana unapokea chakula vizuri na kukitumia. Usiku unataka kupumzika, na chakula kikubwa kikija wakati huo hukipokea kwa uvivu, sukari inakaa juu kwa muda mrefu zaidi. Tena mtu aliyeshinda njaa siku nzima haketi mbele ya ugali na kupima. Anafidia.

"Lakini msinielewe vibaya," akaongeza, akinitazama mimi. "Ukila sufuria nzima asubuhi, utanenepa tu. Saa inasaidia. Haifanyi miujiza."

Niliiona tena ile misumari miwili ya ukutani huko Thika, miaka mingi iliyopita.

Nesi aliongea na kliniki ya Rispa na dawa ikarekebishwa. Aliandikiwa kula asubuhi kabla ya kazi, chakula kikubwa katikati ya asubuhi, na cha jioni kidogo, mapema. Mpaka siku ya daktari, hakuna foklifti. Akarudi kwenye ufagio, kwenye vumbi lile lile, na wale aliowafundisha kurudi nyuma wakampita wakiwa juu ya mashine yake. Kwa wiki mbili hakuongea nami. Alikuja kwenye dirisha la kantini, akanyoosha sahani, akaangalia pembeni.

Shida ilikuwa kwamba saa nne mimi sikuwa na chakula cha kumpa. Nilikwenda kwa Mutiso nikaomba tuhamishe chakula kutoka saa saba hadi saa nne. Alisema niulize wafanyakazi wenyewe, nadhani akijua watakachosema. Tuliwakusanya kantini.

"Shefu anataka tule kama wagonjwa wa wadi," mmoja akasema, watu wakacheka.

"Mimi sina shida," akasema yule fundi aliyetoa kichwa siku ile. "Lakini hiyo githeri ya saa nne nitafika nayo nyumbani aje? Itakuwa imechacha."

Kicheko kikakatika. Alikuwa amesema kitu ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kukisema mbele ya msimamizi. Kila mtu akaangalia mfuko wake. Mutiso akaangalia mifuko yote kwa pamoja, na nikahisi desturi nzima ya mikebe ikining'inia kwenye uzi: neno moja kutoka kwake na watoto wengi wa Ruiru wangekosa chakula cha jioni kwa sababu yangu.

Rispa alikuwa amesimama nyuma na ufagio. "Hata mimi nilikuwa nabeba," akasema. "Watoto wanakula changu cha mchana, mimi nakula mlima wa ugali usiku. Nikasema nimefunga. Sikuwa nimefunga. Nilikuwa nimesogeza tu chakula mahali pabaya." Akauegemeza ufagio ukutani. "Siku ile saa nne haikugongwa, mnakumbuka? Mlikuwa mnauliza chai. Ningewaponda kwenye huo mlango."

Mutiso alikuna shingo. Mwishowe akasema nipike sufuria mbili kwa mwezi mmoja: anayetaka ale saa nne, anayetaka achukue saa saba, na yeye hana kazi ya kupekua mifuko. Ndiyo hotuba bora kabisa niliyomsikia msimamizi akitoa.

Siku iliyofuata nilipigilia misumari miwili ukutani. Upawa mkubwa saa nne, mdogo saa saba. Kumi na mmoja walikuja siku ya kwanza, Rispa akiwa wa mwisho kwenye foleni. Nilimjazia. Aliitazama sahani, kisha kwa mara ya kwanza akanitazama mimi.

"Shefu, hii ni yangu au ya ng'ombe?"

"Kula. Saa tatu usiku utanishukuru."

Kila Jumatatu alipanda mizani ya viazi. Ilishuka taratibu, robo kilo, nusu kilo, wiki moja haikushuka kabisa. Siwezi kuapa kwamba ni saa peke yake iliyofanya kazi. Alipunguza ugali wa usiku, na ufagio nao unachoma mafuta mwilini. Lakini aliniambia kwamba njaa ya jioni, ile ya kumfanya mtu ale akiwa amesimama jikoni, ilikuwa imeondoka.

Siku ya daktari alikuwa wa nne kuitwa. Nilichambua maharagwe ambayo yalikuwa yameshachambuliwa. Alitoka baada ya muda mrefu, akaja moja kwa moja jikoni.

"Kilo tatu na nusu," akasema. "Alitaka sita."

Nikaweka chini uteo.

"Akaniambia uzito haujafika. Halafu akasoma karatasi ya nesi. Akapima presha mara mbili. Akasema sukari imetulia, presha imeshuka, nirudi kila miezi mitatu, na siku nitakayopanda mashine bila kula, hiyo itakuwa ya mwisho." Akafungua kiganja. Ufunguo ulikuwa umemwachia alama, jinsi alivyoushika.

Hayo yalikuwa miaka michache iliyopita, na tangu hapo jiko halikunipa hofu nyingine kama ile. Kisha likaja gari la chakula, saa saba kamili, sahani zimefunikwa, sufuria moja tu ya kila kitu. Chakula cha saa nne kikafa bila mazishi. Mlikuwepo.

Lakini siku yangu ya mwisho mlikuwa kwenye lango mkirudisha sahani za jana, kwa hivyo haya hamkuyaona. Nilikuwa nafungasha visu vyangu. Mshale ulikuwa unakaribia saa nne. Foklifti ikashuka mteremko, uma zikiwa chini kabisa, karibu kulamba saruji, ikasimama mbali na mlango, ikazimwa. Rispa akavuta kitu kutoka chini ya kiti. Ulikuwa mkebe ule ule wa plastiki, uliokwaruzwa, ambao kwa miaka ulitoka hapa ukiwa umejaa na kurudi mtupu. Sasa ulikuwa umetoka nyumbani umejaa: viazi vitamu na ndengu.

"Kula basi," nikamwambia.

"Sijasikia kengele."

"Jikoni hakuna kitu, Mama Elvis. Nitawaitia nini?"

Alikaa na mfuniko mkononi, akisubiri kama mtu aliye na haki ya kusubiri. Nikachukua nondo, nikagonga rimu. Mlango ukafunguka wakatoka kumi na saba, niliwahesabu, kila mmoja na mkebe wake, wakakaa kwenye ukingo wa saruji wakaanza kula.

Nondo iko nyuma ya mlango wa stoo, upande wa kushoto. Ikifika saa nne, tazameni mteremko kwanza, halafu mgonge.